Kwa nini mhubiri humfuata mgeni

Mdogo wangu wa mwisho aliokoka mwaka wa pili baada ya kuhamia Dar es Salaam, na kabla miezi sita haijaisha alikuwa anahubiri kwenye pantoni ya Kigamboni. Sikuambiwa na mtu, nilimkuta mwenyewe. Ilikuwa Ijumaa jioni, watu tumesimama bega kwa bega, bodaboda zimebanwa na matenga ya samaki, mara nikasikia sauti ninayoijua ikitokea upande wa pili wa lori: "Bwana Yesu asifiwe!" Watu wanne watano wakaitika "Amina". Nikasogea. Amevaa koti la suti lililomzidi mabega, Biblia ameishika kidole kikiwa katikati ya kurasa, kama mtu aliyekatizwa kusoma. Alikuwa ameshafika kwenye ushuhuda: jinsi pombe ilivyomtesa, jinsi alivyotoka nyumbani usiku na redio ya mama yake akaenda kuiuza. Hapo macho yetu yakakutana. Redio ile ilikuwa yangu. Akasita, akaruka maneno, akaanza kuiombea safari ambayo ilikuwa imebakiza dakika mbili kufika.

Tuliposhuka akanifuata hadi kwenye vibanda vya chipsi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Leo umeniharibia huduma."

Hakuwa anatania. Mbele ya watu mia tatu asiowajua alikuwa simba. Alipoongezeka mmoja anayemjua, akawa mtoto wa darasa la pili aliyesahau shairi. Ninapoulizwa kwa nini watu wa dini wanahangaika kuwapelekea imani yao watu wasiowajua, naanzia hapo pantoni, kwa sababu majibu tuliyozoea kupewa hayaelezi kilichomtokea mdogo wangu.

Jibu la kwanza ni agizo, na ni jibu la kweli. Mkristo atakufungulia Mathayo 28: "Basi, enendeni, mkawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi." Muislamu atakukumbusha hadithi ya Mtume isemayo fikisheni kutoka kwangu japo aya moja, na atakupeleka Sura An-Nahl, aya ya 125, inayotaka watu waitwe kwa hekima na mawaidha mema. Dini isiyo na agizo la namna hii haimsumbui mtu. Wahindu wana mahekalu yao pale Kisutu, na sijamsikia mtu akilalamika kuwa amegongewa mlango na Mhindu Jumamosi asubuhi akiulizwa kama amejiandaa kwa kifo. Wala mzee anayefanya tambiko la ukoo wake hakualiki ujiunge na mizimu ya babu yake. Mizimu ina wenyewe.

Nyuma ya agizo kuna hofu. Walokole wanaijua vizuri Ezekieli 3, pale mlinzi anapoambiwa kwamba asipomwonya mwovu, mwovu atakufa katika uovu wake, "lakini damu yake nitaitaka mkononi mwako." Anayeamini hivyo kwelikweli hawezi kukaa na abiria wa jirani kutoka Mbezi hadi Morogoro akazungumza naye habari za Simba na Yanga tu. Na nyuma ya hofu kuna huruma, ambayo sisi tunaokereka huwa tunaisahau. Ukiona nyumba ya mtu inawaka moto hupigi hodi, unapiga kelele. Mhubiri wa basini anaona moto ambao wewe huuoni. Unaweza kusema moto haupo, lakini huwezi kusema anakuchukia.

Wapo pia wanaohubiri kwa ajili ya bahasha inayopitishwa mwishoni. Hao tunawajua, tuwaache.

Tatizo la mfano wa moto ni kwamba moto huanza kuzimwa nyumbani. Kama kinachomsukuma mtu ni kuogopa wenzake wasiangamie, angeanza na kaka yake, shemeji yake, mwenye nyumba wake, kisha ndipo avuke bahari kwenda kwa wengine. Kwa kawaida huwa kinyume. Anayesimama stendi bila woga hupata kigugumizi mbele ya baba yake mzazi. Maandiko yenyewe yanalijua hili. Katika Marko 6 Yesu yuko kwao Nazareti, watu wanamuuliza huyu si yule seremala, na yeye anajibu kwamba nabii hakosi heshima isipokuwa katika nchi yake na kwa jamaa zake. Upande wa pili, wafasiri wengi wa Kisuni wanaihusisha aya ya 56 ya Sura Al-Qasas, kwamba wewe humwongoi umpendaye ila Mwenyezi Mungu humwongoa amtakaye, na kifo cha Abu Talib, ami yake Mtume aliyemlea na kumkinga, na ambaye kwa mapokeo hayo hakutamka shahada. Ikiwa kwa hao ilikuwa hivyo, mdogo wangu ni nani?

Sasa kuna utafiti ambao ningependa kila mchungaji na kila muhadhiri ausome. Mwaka 1980 wanasosholojia wawili wa Marekani, Rodney Stark na William Bainbridge, walichapisha hesabu za wamisionari wa Kimormoni, kanisa lililoanzia Marekani, katika jimbo la Washington. Vijana wa Kimormoni hubisha hodi mlango kwa mlango, wawili wawili, mashati meupe na tai. Ikaonekana kwamba katika milango 1,000 waliyoigonga bila kualikwa, waliishia kumpata muumini mmoja. Lakini mtu alipofundishwa sebuleni kwa rafiki yake ambaye tayari ni Mormoni, nusu yao walijiunga. Mmoja kwa elfu, dhidi ya nusu kwa nusu. Miaka 15 kabla yake Stark na mwenzake John Lofland walikuwa wameshafika karibu na hapo walipolifuatilia kundi dogo la dini huko California: watu hawakuvutwa na mafundisho kwanza. Walivutwa na marafiki, mafundisho yakafuata.

Nyumbani kwetu sikuhitaji utafiti huo. Mama ni Mlutheri wa kuzaliwa, na kwa miaka alikuwa akisema kanisa la mdogo wangu ni kelele tupu. Akavunjika mguu, akalazwa wiki tatu. Mdogo wangu alilala sakafuni chini ya kitanda chake karibu usiku zote hizo, akimwaga na kuosha alichotakiwa kumwaga na kuosha, na akina mama wa kanisa lake wakapokezana kuleta uji. Hakumhubiria mama hata mstari mmoja. Alipopona, mama akauliza ibada yao inaanza saa ngapi.

Kwa hiyo anayetaka waumini anajua pa kwenda. Aende kwa watu wake, anyamaze, ahudumie. Mbona basi bado anapanda pantoni?

Tazama Mashahidi wa Yehova, ambao kwa kuweka hesabu hakuna anayewafikia. Katika mwaka wao wa utumishi wa 2022 waliripoti zaidi ya saa bilioni 1.5 za kuhubiri duniani kote, na waliobatizwa walikuwa takriban 145,000. Gawanya: ni kama saa 10,000 kwa kila aliyebatizwa, na humo wamo watoto wao wenyewe waliolelewa ndani ya imani. Mtu wa ofisini anayefanya kazi saa 8 kwa siku, siku tano kwa wiki, angehitaji karibu miaka mitano kuzimaliza saa hizo. Meneja wa mauzo akileta matokeo hayo anafukuzwa kazi. Wao hawakuacha. Walichoacha, kuanzia Novemba 2023, ni kumtaka kila mhubiri wa kawaida aripoti saa zake. Kuhubiri kunaendelea. Wengine utawaona mjini wamesimama na vigari vyao vya machapisho, wanatabasamu, hawamwiti mtu.

Kazi inayozaa kidogo hivyo na bado haifi, lazima ina zao jingine. Nadhani zao hilo ni mhubiri mwenyewe.

Ndugu zetu wa tabligh wanalisema jambo hili wazi kuliko Wakristo. Vuguvugu lao lilianzishwa na Maulana Muhammad Ilyas huko Mewat, India, miaka ya 1920, na utaratibu wake umefika hadi misikiti ya vijijini kwetu: mtu anaacha duka na familia, anatoka siku tatu, au siku 40, au miezi minne, analala msikitini katika mji asioujua, anapika na wenzake, jioni wanatembea kuwaita watu waje kuswali. Wanaowaita kwa kawaida ni Waislamu wenzao. Muulize mmoja wao ametoka kufanya nini, mara nyingi atakwambia bila kuona haya kwamba ametoka kujirekebisha yeye. Kumwita mwingine kwenye swala ya alfajiri kunamlazimisha yeye awe macho alfajiri.

Walokole wana ushuhuda. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukasambaa Uganda, Bukoba hadi Kenya, ulisimama juu ya kitu kimoja: mtu asimame mbele ya wenzake, ataje dhambi zake kwa majina, aseme Yesu amemfanyia nini. Hadi leo umbo halijabadilika. Bwana Yesu asifiwe, naitwa fulani, nimeokoka, nilikuwa hivi, sasa niko hivi. Maneno hayo hayawezi kusemwa chumbani peke yako ukiangalia ukuta, yanadai msikilizaji. Na kila yanaposemwa, ile "nilikuwa" inasogea mbali kidogo na "sasa" inapata miguu.

Hapo ndipo mgeni anapohitajika. Ndugu yako anaijua "nilikuwa" yako kuliko wewe, na "sasa" yako ana mashaka nayo. Anakumbuka redio. Mgeni hana kumbukumbu. Unachomwambia ndicho anachokijua. Mbele yake mtu anaweza kuwa mpya kwa dakika kumi mfululizo, na dakika kumi za kila siku si haba. Watu mia tatu wa pantoni walikuwa wamemkopesha mdogo wangu macho yasiyo na historia, nami nikaja nikayavuruga kwa kusimama tu pale kimya. Huduma iliharibika kweli.

Mihadhara ya kulinganisha dini, iliyoshika kasi Tanzania katika miaka ya 1980, ni mfano mwingine. Muhadhiri wa Kiislamu anasimama uwanjani na Biblia mkononi, anaita sura na mstari, msaidizi anasoma kwa sauti, muhadhiri anauliza: wapi hapa Yesu amesema mimi ni Mungu? Kwa sura ya nje, anayezungumziwa ni Mkristo. Lakini zunguka uwanjani uwahesabu waliosimama. Wengi mno ni Waislamu, na takbiri zinazopigwa baada ya kila hoja si za mtu aliyebadilishwa mawazo. Ni za mtu aliyekuwa akihisi kwa miaka kwamba shule, ofisi na cheo viko kwa wenzake, na leo anamwona kijana wa mtaani kwake, asiyekwenda seminari, akimshinda padri ambaye hayupo kwa kitabu cha padri mwenyewe. Walokole nao wakajibu na mikutano yao yenye waliosilimu wakarudi, wakipigiwa makofi na watu waliokuwa wameokoka tangu zamani. Kila upande ulikuwa unamhubiria mgeni mbele ya wenyeji.

Serikali ilikuwa na jina lake kwa mambo hayo, kashfa za dini, na Februari 1998 pale Mwembechai, Dar es Salaam, yaliishia kwa risasi za polisi na vifo. Ibara ya 19 ya Katiba ya Muungano inasema kueneza dini ni jambo huru na hiari ya mtu binafsi, na mimi ningependa ibaki hivyo, hata kama kuna kipaza sauti kimoja nyuma ya nyumba yangu ambacho ningekitupa baharini kwa furaha saa tano usiku.

Sijasema kwamba mgeni haongoki kamwe. Yupo anayeongoka, na ukimchunguza utakuta kwamba ni mgeni kwelikweli: mtu aliyekatwa kutoka kwa watu wake.

Bagamoyo inalionyesha hili kuliko mji wowote ninaoujua. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni pale mwaka 1868. Wenyeji wa mji, wenye ukoo wao, misikiti yao na madeni yao ya biashara, hawakuwapata ila kwa nadra. Waliowapata ni watoto waliokombolewa kutoka utumwani, waliotolewa bara wasikojua njia ya kurudi, wakajengewa kijiji, wakafundishwa kazi, wakaozeshwa. Misheni iliwapa ukoo, na imani ikaja pamoja na ukoo. Katika mji uleule, utumwa uleule ulimleta mtoto mwingine kutoka Manyema, Kongo ya leo, akalelewa katika nyumba ya bwana wa Kiarabu, akasoma, akafanya biashara, akawa khalifa, yaani kiongozi, wa tarika ya Qadiriyya, moja ya njia za Kisufi. Huyo ndiye Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931 akiwa mwalimu ambaye mji mzima ulimfuata. Hao wote waliingia kwa mlango mmoja, walikuwa hawana watu, wakapewa watu.

Wahubiri wa leo wanaujua mlango huo hata kama hawajausomea. Tazama wanakosimama: stendi ya mabasi, wodi za hospitali, gerezani, mabweni ya mwaka wa kwanza chuoni. Mdogo wangu mwenyewe aliokolewa hivyo. Alikuwa amepanga chumba Mbagala, hana kazi, hana ndugu wa karibu zaidi yangu, na mimi tulikuwa hatuzungumzi. Kijana mmoja akamkuta kituoni, akamwalika, na Jumapili ile watu arobaini wakamwita kwa jina na kumuuliza amekula nini. Nikiudhika na wahubiri wa stendi, hilo linanirudisha chini. Nikilikubali pia linanitia wasiwasi, kwa sababu mtu mwenye njaa ya watu atakubali mafundisho yoyote yanayokuja na sahani, na si kila anayebeba sahani ana nia njema. Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, mwaka 2023, makaburi yalipofukuliwa msituni zikatolewa maiti zaidi ya 400, za wafuasi wa mhubiri mmoja na watoto wao; kati yao walikuwamo watu waliokubali kuacha kazi na jamaa zao ili wawe na ndugu wapya.

Mgeni naye humbadilisha mhubiri, pengine kuliko mhubiri anavyombadilisha yeye. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa na barua ya Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, inayomtambulisha kuwa ni mtu mwema anayetaka kuiongoa dunia kwa Mungu. Hapo nasimama kidogo kwa wivu: ni sultani gani leo angemwandikia barua mtu wa dini nyingine? Mwezi Julai mwaka uleule akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga, ng'ambo ya kisiwa. Waliobatizwa katika miaka yake yote ya pwani wanahesabika kwa vidole. Wa kwanza, Mringe, alikuwa kilema aliyefariki muda mfupi baada ya ubatizo. Lakini Krapf alihitaji maneno ya kuwahubiria hao wasiokuja, na maneno aliyafuata kwa Waswahili wenyewe. Katika kuitafsiri Mwanzo alisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Kadhi alibaki Muislamu. Mjerumani akaondoka na Kiswahili, na kamusi yake ikatoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Kurani nayo imeingia Kiswahili kwa njia ya ajabu kama hiyo. Tafsiri kamili ya kwanza, ya mwaka 1923, ni ya mmisionari wa Kianglikana wa Zanzibar, Canon Godfrey Dale, aliyetaka walimu wa Kikristo wajue wanajibizana na nini. Waahmadiyya, kundi ambalo Masunni hawalikubali, wakatoa yao mwaka 1953. Masheikh wa Kisuni hawakuridhika na hii wala ile, na mwaka 1969 ikatoka ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, wakati huo Kadhi Mkuu wa Kenya, iliyojaa maelezo ya kuwajibu waliomtangulia. Kila mmoja aliandika jicho lake likiwa kwa mtu wa upande mwingine. Waliofaidi ni bibi zetu wa pwani, Waislamu tangu kuzaliwa, ambao kwa mara ya kwanza waliweza kusomewa na wajukuu kile walichokuwa wakikisoma kwa Kiarabu maisha yao yote.

Mdogo wangu sasa ana mke na watoto wawili. Pombe hajaigusa tena, na sidhani kama angeweza kuiacha bila ile pantoni. Abiria waliookoka kwa kumsikiliza, kwa hesabu yake mwenyewe, ni wawili, na mmoja alirudi nyuma. Ya redio hatujawahi kuyazungumza. Ila Alhamisi jioni simu yangu huita.

"Shikamoo kaka. Kesho unavuka saa ngapi?"

Nikimwambia saa kumi na mbili, najua yeye atapanda ya saa kumi na moja.